Kifua Kikibana, Usianze na Jina la Ugonjwa

Mtu mzima akishikwa na maumivu ya kifua usiku, iwe Kiminini mjini au katika mashamba ya mahindi yanayouzunguka mji huo, jambo la kwanza linalofanyika nyumbani ni kuyatafutia maumivu hayo jina. Aliyekula maharagwe na chapati akachelewa kulala ataambiwa ni asidi. Aliyenyeshewa njiani ataambiwa baridi imemwingia kifuani. Aliyeshinda akibeba magunia ataambiwa ni misuli, na mwenye deni la karo ataambiwa ni mawazo. Jina likishapatikana, dawa haiko mbali: Eno kwenye glasi ya maji, vidonge viwili vya Panadol, au sindano ya maumivu kwenye duka la dawa lililo wazi. Kisha watu wanalala. Mara nyingi, na hili ni la kukiri mapema, jina lililotolewa huwa ndilo, na asubuhi mgonjwa huamka akaendelea na kazi zake. Hata hivyo utaratibu wenyewe ni wa hatari, kwa kuwa unaanza na swali ambalo nyumbani haliwezi kujibiwa. Swali linaloweza kujibiwa nyumbani ni jingine: tukikosea, tutapoteza nini, na tumebakiwa na saa ngapi za kurekebisha kosa hilo? Anayeanza na swali hili hufanya uamuzi ulio salama hata kama hajui jina la ugonjwa wowote.

Tuanze na sababu inayofanya jina kuwa gumu. Ngozi ya kidole ina mishipa mingi ya fahamu, ndiyo maana ukichomwa na mwiba unajua papo hapo ni wapi. Viungo vya ndani ya kifua haviko hivyo. Moyo, umio linalopitisha chakula, utando wa mapafu na sehemu ya juu ya tumbo hupeleka habari zao kwenye uti wa mgongo kwa njia zinazokaribiana na kuchanganyika, nyingine zikichanganyika pia na zile za mkono, bega na taya. Ubongo hupokea taarifa kwamba kuna shida, lakini haupewi anwani kamili. Hivyo moyo unaokosa damu unaweza kuuma kwenye taya, kwenye mkono wa kushoto, au chembe ya moyo mahali ambapo kila mtu angeapa ni tumbo. Umio lililounguzwa na asidi nalo linaweza kubana katikati ya kifua mpaka mtu akadhani moyo unasimama. Hata majaribio ambayo watu huyaamini hayatoshi. Maumivu kupoa baada ya kunywa dawa ya asidi si ushahidi kwamba moyo ni mzima, maana maumivu ya moyo yana tabia ya kuja na kupoa yenyewe. Na mbavu kuuma zinapobonyezwa hupunguza shaka ya moyo bila kuiondoa kabisa.

Sababu za kawaida ni nyingi, na ni haki zitajwe kwanza. Kati ya Oktoba na Desemba, mahindi yanapovunwa Trans Nzoia, vijana na wazee hupakia magunia ya kilo 90 kwenye matrekta na malori, na misuli ya kifua pamoja na viungo vya mbavu huvimba. Maumivu hayo huongezeka ukigeuka, ukiinua mkono au ukiguswa, na hudumu siku kadhaa. Kiungulia huchoma kutoka tumboni kuelekea kooni, huzidi ukiinama au ukilala baada ya kushiba, na huacha ladha ya uchachu mdomoni. Kichomi cha nimonia hudunga upande mmoja kila unapovuta pumzi, kikifuatana na homa na kikohozi. Kifua kikuu huja polepole, kwa kikohozi kinachozidi wiki 2, jasho la usiku na kupungua uzito; vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mkanda wa jeshi huunguza upande mmoja wa mwili siku kadhaa kabla malengelenge hayajatokea. Hofu na wasiwasi navyo vinaweza kukaza kifua, kuupeleka moyo mbio na kutia ganzi vidoleni. Anayesema kwamba maumivu mengi ya kifua hayatoki moyoni anasema kweli.

Kando ya orodha hiyo ndefu kuna nyingine fupi, na hiyo ndiyo yenye makaburi. Wa kwanza ni mshtuko wa moyo: mshipa unaoulisha moyo huziba kwa damu iliyoganda, na sehemu ya msuli huanza kufa. Wa pili ni donge la damu linalotoka mguuni na kwenda kukwama mapafuni; huwapata zaidi waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji, waliovunjika mguu au waliolala kitandani muda mrefu, na dalili yake kuu ni kukosa pumzi kwa ghafla. Wa tatu ni kuchanika kwa mshipa mkuu unaotoka moyoni, jambo linalowaandama wenye presha isiyotibiwa; maumivu yake huanza kwa kishindo yakiwa makali kupita kiasi, kama kitu kinachoraruka, na mara nyingi huelekea mgongoni. Wa nne ni pafu kupasuka na hewa kujaa kifuani, hata kwa kijana mrefu mwembamba ambaye hajawahi kuugua. Katika sehemu zetu za dunia inafaa kuongeza wa tano: maji yanayojaa kwenye mfuko wa moyo, ambayo barani Afrika mara nyingi huletwa na kifua kikuu, yakaubana moyo hadi ukashindwa kutanuka. Hakuna hata mmoja kati ya hawa watano anayeweza kutambuliwa kwa uhakika na jirani mwenye nia njema.

Sasa weka orodha hizo mbili mezani uone tofauti ya makosa. Mwenye kiungulia akikimbizwa hospitali akidhaniwa ana moyo, atapoteza usiku mmoja, nauli na ada ya kipimo, kisha atarudi nyumbani akiwa na dawa inayofaa. Mwenye mshtuko wa moyo akilazwa kitandani akidhaniwa ana kiungulia, anaweza asiamke. Na akiamka, sehemu ya moyo wake imeshageuka kovu, na kovu halisukumi damu. Huyo ndiye baadaye anayevimba miguu, anayelala amekaa kwa kukosa pumzi, anayeshindwa kupanda mlima wa shambani kwake. Ukitazama wingi wa sababu peke yake, utabashiri kiungulia na utapatia mara nyingi. Ukitazama uzito wa kosa, utampeleka mgonjwa. Katika mambo mengine ya maisha watu wa huku hufanya hesabu hii bila kufundishwa. Mkulima hupiga dawa ya viwavijeshi anapoona majani machache yametobolewa, kwa sababu anajua akingoja uhakika atakosa mavuno. Kifua hakistahili tahadhari iliyo ndogo kuliko ya shamba.

Hesabu hiyo inazidi kuwa kali kwa sababu ya saa. Mshipa wa moyo ukiziba kabisa, msuli unaoutegemea huanza kufa katika muda usiofika saa moja, na kifo hicho huenea saa baada ya saa. Utafiti mkubwa uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 1986, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, ulijaribu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Waliopewa dawa ndani ya saa 1 tangu maumivu kuanza, vifo vyao vilipungua karibu nusu. Kwa waliochelewa faida ilishuka, na waliovuka saa 6 haikuonekana. Tafiti za baadaye zilisogeza mpaka huo hadi saa 12, lakini mteremko ulibaki ule ule: kila saa inayopita inachukua faida na kwenda nayo. Utafiti mwingine wa kimataifa, wa mwaka 1988 na wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba hata aspirini peke yake, kidonge cha bei ya chini kuliko soda, ilipunguza vifo kwa karibu robo katika wiki 5 za mwanzo. Sasa ziweke saa hizo kwenye barabara zetu. Kutoka Kiminini hadi Kitale si mbali kwa gari, na kutoka Kitale hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ni kama kilomita 70. Anayeishi upande wa Kamukuywa huenda akaona Webuye au Bungoma ndiko karibu. Barabara hizo zinapitika ndani ya saa chache. Muda unaoliwa kwa kawaida ni ule unaopotea nyumbani watu wakibishana ni ugonjwa gani.

Kipimo kinachofungua mlango wa matibabu hakina ukubwa wa kutisha. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hufanywa na mashine inayotosha juu ya meza ndogo. Mgonjwa hulala chali, vidude 6 vinabandikwa kuzunguka upande wa kushoto wa kifua na vingine 4 kwenye mikono na miguu, anaambiwa atulie asiongee, na baada ya sekunde chache mashine inatoa karatasi yenye miraba midogo iliyochorwa mistari ya mapigo. Msomaji hutazama, pamoja na mengine, kipande kifupi cha mstari kinachofuata kila pigo. Katika moyo mzima kipande hicho hurudi kwenye usawa wake. Mshipa mkubwa ukiwa umeziba, kipande hicho hubaki kimeinuka. Miongozo ya kitabibu inataka kipimo hiki kifanywe ndani ya dakika 10 tangu mwenye maumivu ya kifua afike. Lakini karatasi safi ya kwanza haimalizi maneno: mshtuko mwingine wa moyo hauonekani mwanzoni, na ndiyo sababu kipimo hurudiwa, na damu hupimwa tena baada ya saa kadhaa kutafuta chembe za msuli wa moyo zilizovuja. Mgonjwa akiambiwa asubiri kipimo cha pili, asidhani anacheleweshwa.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni kwamba moyo ni ugonjwa wa Wazungu, wa matajiri na wa wazee wa Nairobi. Pingamizi hili lina historia, na zamani lilikuwa na ukweli. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, hapa hapa magharibi mwa Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka 2, hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari wa Kampala, pamoja na mwenzake, walichapisha katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Jambo lenyewe lilikuwa adimu kiasi kwamba mgonjwa mmoja alitosha kuandikiwa makala. Ila damu haikuwa ndiyo kinga. Utafiti wa Neil Poulter na wenzake, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, ukaona presha zao zikipanda katika miezi ya mwanzo mjini, chumvi ikiongezeka mwilini mwao, huku wenzao waliobaki nyumbani wakiwa na presha ya chini zaidi. Kilichowakinga wazee wa Donnison ni namna ya kuishi, na namna hiyo tumeiacha, hata vijijini: mafuta ya kukaangia, chumvi, sigara, soda, na bodaboda mahali palipokuwa pa miguu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha maishani. Kwa hiyo anayesema familia yao haina presha mara nyingi anasema tu kwamba familia yao haijapimwa. Na mtu aliyekuwa buheri wa afya jana akifa ghafla leo, watu hutafuta mchawi au sumu, moyo ukaondoka bila kushtakiwa.

Pingamizi la pili ni la wahudumu wenyewe: kila anayeumwa kifua akikimbilia hospitali usiku, nani atahudumiwa? Jibu ni kwamba si kila mtu anatakiwa kukimbia, na dalili za kukimbia zinaweza kufundishwa. Ondoka saa hiyo hiyo ikiwa kifua kinabana au kulemewa kwa zaidi ya dakika chache, hasa kama maumivu yanaenda mkononi, begani, shingoni, tayani au mgongoni. Ikiwa kuna jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu au kuzirai. Ikiwa pumzi imekatika ghafla. Ikiwa mgonjwa anakohoa damu. Ikiwa maumivu yalianza kwa kishindo kikali kisicho na mfano. Au ikiwa midomo inageuka rangi. Maumivu yanayokuja ukipanda kilima au ukisukuma baiskeli yenye mzigo, na kutulia ukipumzika, ni onyo la mshipa uliosongwa: mwenye nayo aende kliniki siku hiyo au kesho yake, na yakianza kuja akiwa amekaa, aondoke mara moja. Kikohozi cha wiki kadhaa kinaweza kungoja kuche. Maumivu yanayodunga unapogeuka, kwa kijana aliyeshinda akipakia magunia na asiye na dalili nyingine yoyote, yanaweza kungoja pia. Kwa mwenye presha, mwenye kisukari, mvuta sigara au aliyevuka miaka 40, shaka yoyote iamuliwe kwa kwenda. Pia wapo ambao maumivu hayaji kabisa: wanawake, wazee na wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko wengine huletewa mshtuko wa moyo kwa uchovu wa ghafla, kukosa pumzi na kutapika. Mama mwenye sukari anayelowa jasho akiwa ameketi tu, asiachwe apumzike kidogo aone kama itaisha.

Pingamizi la tatu ni pesa, na hili halijibiwi kwa mahubiri. Gari la kukodi usiku ni ghali, na familia nyingi hufanya hesabu ya mahindi yaliyobaki ghalani kabla ya kumwinua mgonjwa. Yapo mambo mawili ya kuweka kwenye hesabu hiyo. La kwanza ni sheria: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inahesabu kumtuliza mgonjwa na kumpeleka rufaa kuwa sehemu ya dharura hiyo. Anayeombwa amana kabla ya kuguswa, hali kifua kinambana, ana haki ya kukitaja kifungu hicho kwa sauti. La pili ni usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Kujisajili na kulipia ni kazi ya mchana, wakati mtu ni mzima, kwani saa nane usiku si wakati wa kutafuta nambari ya kitambulisho. Ikumbukwe pia kwamba kuchelewa kuna bei yake. Moyo uliodhoofika hudai dawa za kila siku kwa maisha yote, kulazwa mara kwa mara, na mikono miwili kupungua shambani.

Pingamizi la mwisho ni la waliokata tamaa: kwamba hata ukienda, kituo kilicho karibu hakina mashine, na utapewa dawa ile ile ya asidi. Hili linawezekana, na ndiyo sababu ya kuuliza mapema ni kituo gani chenye ECG inayofanya kazi usiku, ukaliweka jibu pamoja na nambari ya dereva. Ukifika, usitaje ugonjwa. Taja maumivu yalianza saa ngapi, yako wapi, yanaenda wapi, yameambatana na nini, na magonjwa na dawa za mgonjwa, kisha uombe moyo upimwe. Mgonjwa asitembee kwenda barabarani wala asiendeshe mwenyewe, na kama chombo kilichopo ni bodaboda tu, mtu mwingine akae nyuma yake amshike. Dalili zikielekea moyoni na mgonjwa ni mtu mzima, atafune aspirini ya miligramu 300, au vile vidogo vya miligramu 75 vinne, mkiwa mnaondoka. Isipokuwa kama aspirini humdhuru, ana vidonda vinavyovuja damu, anatapika damu au kupata choo cheusi, au maumivu ni yale ya kuraruka hadi mgongoni. Panadol haifanyi kazi hiyo. Dawa kama diklofenaki, ambayo ndiyo sindano ya maumivu inayopendwa, si salama kwa moyo ulio mashakani. Na kutafuta aspirini kusiwe sababu ya kuchelewa.

Methali inasema mficha maradhi kilio kitamfichua. Huku maradhi ya kifua hayafichwi. Yanatangazwa kwa jina jepesi kuliko yalivyo, na matokeo yanakuwa yale yale. Kazi ya kulitafuta jina la kweli ni ya karatasi yenye miraba na ya aliyesomea kuisoma, na hapo ndipo mzigo unapohama kutoka nyumbani kwenda kwa serikali ya kaunti. Familia inaweza kufanya kila kitu sawasawa, ikafika kituoni ndani ya saa 1, ikakuta mashine imefungiwa ofisini, karatasi zimeisha, au aliye zamu hajafundishwa kuisoma. Afya ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013, na kila mwaka wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Katika vikao hivyo watu huomba barabara, maji na madarasa, na wana haki. Waongeze swali moja kwa mwakilishi wa wadi: katika wadi hii, mtu akibanwa kifua saa nane usiku, ECG iko wapi, na nani yuko zamu wa kuisoma?